Kugawanya neno refu la Kizungu: silabi na sehemu za neno si kitu kimoja?

MamaLangoni: Asalaam aleykum. Niko Lamu, mwanangu wa gredi ya 6 juzi kaja na homuweki, agawanye neno unpredictability kwa silabi, halafu mstari wa chini aligawanye kwa sehemu za neno. Mie nikaona ni yale yale tu nikamwambia andika un-pre-dict-a-bil-i-ty kotekote, leo daftari limerudi juu tiki chini mkasi mwekundu, na mtoto kaninunia mpaka saa hii ati nimemponza. Tofauti iko wapi jamani?

Mstaafu_Chaki: Waaleykum salaam dada. Silabi wafuata mdomo, sehemu wafuata maana. Weka kiganja chini ya kidevu ulitamke pole pole, kila kidevu kikishuka hesabu moja, utapata 7, hapo hamkukosea. Sehemu sasa: un- yakanusha, pre- ni kabla, dict ni Kilatini, kusema (kutabiri si ndio kusema kabla jambo halijawa?), -able ni kuwezekana, -ity yaligeuza kuwa nomino. Ni 5. Ila -able ikikutana na -ity yabadilika kuwa -abil-, halafu silabi zaikata katikati a-bil, ndo maana hamkuiona.

kaka_wa_jahazi: Mbona Kiswahili ni hivyo hivyo, tulisoma tukasahau. Hawatanipikia: silabi ni ha-wa-ta-ni-pi-ki-a, mofimu (ndo hizo sehemu za neno) ni ha-wa-ta-ni-pik-i-a. Zote 7 lakini angalia panapokatwa, mzizi ni pik, ile i ni ya kunipikia mimi, silabi haijali hayo inabeba tu konsonanti na irabu yake inaenda.

Malindi_Gaidi: Na helicopter je? Wote twakata heli na kopta, hata Wazungu wenyewe, kumbe ni Kigiriki, helico ni kitu cha kuzunguka kama skrubu, pter ni bawa. Hiyo nilibishana na mgeni mmoja hapa Malindi, nikashinda soda 😂

MamaLangoni: Shukran sana. Nimemfanyisha ya kidevu kapata 7 akaanza kucheka, nuna imeisha. Shida ni kwamba sasa akata kila kitu, hata mtaa wetu, ati silabi la-ngo-ni, sehemu lango-ni. Nimemwambia alale.