Mrejesho: WhatsApp nimeingia, Facebook bado

Assalaam alaykum. Mimi ndiye wa Wete, Pemba, niliyewauliza kabla ya Ramadhani kama ni kosa kukataa mitandao ya kijamii, kwa vile ndugu walishaanza kusema najitenga. Nawashukuru nyote.

Lililonibadilisha ni msiba. Ami yangu alifariki mjini Mkoani alfajiri, habari ikawekwa kwenye kundi la ukoo, na kila mtu akadhani mwenzake keshanipigia. Nilipofika, jeneza limeshatoka. Sikumuona hata uso. Hilo bado linaniuma.

Basi kitochi, simu yangu ndogo ya vitufe, nimekiweka kando, mwanangu kanitilia WhatsApp kwenye simu yake ya zamani. Yule aliyenielekeza kwenye mipangilio ya faragha, Mungu amlipe: sasa asiye kwenye orodha yangu ya namba hawezi kuniingiza kundini. Nimezima pia ile alama ya kuonesha ujumbe umesomwa. Na mimi sioni za wenzangu, sawa tu, ingawa kwenye makundi inabaki vile vile. Nina makundi mawili, la ukoo na la skuli ya mwanangu.

Facebook sijaingia, na sikusudii. Picha za harusini kwetu, za wanawake tuliovua mabuibui tukijua tuko wenyewe, ziliwahi kutolewa nje na mgeni mmoja. Bi harusi alilia wiki nzima. Waliosema hofu yangu ni ushamba, hapo sikubaliani nao.

Jana shangazi wa Unguja kanitumia sauti yake. Nimeisikiliza mara tatu.