Wenye gari za turbo Dodoma, tupeane uzoefu wa oili

Mkazi wa Ilazo
Wakuu, leo nimepita gereji moja Kizota, nimekuta jamaa kashika turbo mkononi (ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani ya injini), shafti inacheza kama jino la mtoto. Uso wake umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa nachelewesha kumwaga oili: kilomita 5,000 zinafika nasema mwisho wa mwezi, mara 9,000. Fundi alipofungua bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo, ndani ya bolti yake kulikuwa na kachujio kanakoenea kwenye ukucha wa kidole cha mwisho. Kameziba kabisa. Akawa anakachokonoa kwa sindano, masizi yanatoka magumu kama ukoko. Turbo ilikuwa inazunguka kavu, na kile kitu kinapita mizunguko laki moja kwa dakika, kimeshikiliwa na utando wa oili tu. Nyie yamewakuta yapi?

Dereva wa Bahi
Haka kachujio kamenilaza njaa. Naunga mkono.

Mama Wawili
Mimi ni kuzima gari ikiwa ya moto. Natoka Morogoro nimekimbia tangu Gairo, nafika Kibaigwa nazima papo hapo, nanunua vitu, naondoka. Miezi ikapita, ukaanza moshi wa bluu kila asubuhi nikiwasha. Fundi akanieleza kwamba ukizima, pampu ya oili inasimama, ila turbo bado ina joto la moshi wa injini, na oili iliyobaki ndani inaungulia humo inakuwa mkaa. Siku hizi nikifika nyumbani Kisasa, wanangu wanahesabu hadi mia moja ndipo nazima. Mdogo kajifunzia kuhesabu humo.

Kijana wa Nkuhungu
Dada hongera, ila ukitoka Area C kwenda sokoni hakuna haja. Kilomita mbili za mwisho nenda polepole, turbo itakuwa imeshapoa.

Mzee wa Fuso
Usimpotoshe. Dakika tano, kila siku, popote. Na oili iwe nzito, 15W-40, kwa jua hili la Dodoma.

Kijana wa Nkuhungu
Mzee, wewe umebeba alizeti kutoka Kondoa, yeye kabeba watoto wawili.

Mzee wa Fuso
Turbo haijui umebeba nini. Inajua joto.

Fundi Chang'ombe
Namba ya mbele ni ya oili ikiwa baridi, ya nyuma ni ikishapata moto. 5W-40 na 15W-40 zikifika nyuzi 100 uzito wake uko daraja moja. Tofauti ni asubuhi unapowasha: nyepesi inawahi kufika kwenye turbo, na Julai hapa asubuhi kuna baridi. Mzee, kama kitabu cha Fuso yako kinaruhusu 15W-40, endelea. Dada, kama chako kinasema 5W-30, weka hiyo hiyo, tena sinthetiki.

Msafiri wa Manyoni
Ngoja niwape yangu, maana hii sijawahi kuandika popote.

Pikapu ya dizeli, manyuo (gia za mkono), tumepakia saruji. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naona mpira wa interkula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, umelowa oili. Nafuta na tambara, naondoka. Siku hiyo tumepita Kintinku, tunapandisha Saranda, gari ikaanza kuvuta kuliko nilivyokanyaga. Natoa mguu, inazidi. Nyuma moshi umefunga barabara. Nikapiga nyutro, injini ikalia kama king'ora. Nikazima swichi. Nikachomoa ufunguo kabisa, nimeushika mkononi, na injini bado inapanda. Turbo ilikuwa imekatika sili, inamwaga oili upande wa hewa, injini inakunywa oili yake yenyewe.

Utingo akaruka. Mimi miguu inatetemeka. Dereva wa lori aliyesimama nyuma akapiga kelele: "Gia ya juu! Breki zote! Achia klachi!" Nikatia ya tano, nikavuta na breki ya mkono, nikaachia klachi kwa mkupuo. Gari ikaruka mbele, ikatikisika, ikazima. Kikawa kimya, nikawa nasikia oili inadondoka kwenye lami. Kijiti cha oili nilipokichomoa kilikuwa kikavu mpaka ncha.

Mama Wawili
Yesu wangu. Utingo alipona?

Msafiri wa Manyoni
Magoti tu. Alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Hakupanda tena gari yangu mwaka mzima.

Dereva wa Bahi
Na otomatiki utafanyaje? Haina klachi.

Fundi Chang'ombe
Unaziba hewa. Kipande cha ubao kwenye mdomo wa bomba la hewa. Kiganja hapana, kitambaa chepesi hapana, vinamezwa. Ikishalia sana jitenge nayo, injini inaweza kupasuka. Na ukinunua turbo nyingine safisha bomba la oili au weka jipya, tia oili ndani ya turbo kabla ya kuwasha. Nimeona watu wanaua turbo ya pili ndani ya mwezi kwa uchafu ulioua ya kwanza.

Kijana wa Nkuhungu
Na filta ya hewa wakuu, kwa vumbi la Nzuguni. Mimi napuliza kila wiki.

Fundi Chang'ombe
Badilisha. Upepo wa kompresa unaitoboa, vumbi linakwenda kula mapanga ya turbo.

Mgeni wa Mtumba
Nasoma kimya tangu mwanzo. Nimeshuka na tochi ya simu, nimefungua mpira wa interkula kama wa ndugu hapo juu. Kuna oili. Saa kumi na moja alfajiri naondoka na familia kwenda Singida.

Fundi Chang'ombe
Unyevu kidogo ni kawaida. Au inachuruzika?

Mgeni wa Mtumba
Imejaa kiganja.

Fundi Chang'ombe
Usiiwashe. Nakuja kwako saa moja asubuhi.