Naomba ushauri: kupima muda wa kusubiri wa wagonjwa wa nje

Ndugu wanachama, hamjambo? Ni mwanafunzi wa uzamili hapa Kampala. Nataka kuchunguza kama kompyuta inapunguza muda anaokaa mgonjwa wa nje kituoni. Kliniki ya ARV inatumia UgandaEMR (mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa), iliyojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, na huko mambo si mabaya. Tatizo ni OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje: daktari anaandika kwenye daftari la mgonjwa (lile la shule, la kununua dukani), muuguzi anajaza rejista, halafu karani anaingiza yote kwenye kompyuta baadaye, umeme ukirudi. Kwa hiyo saa iliyomo kwenye mfumo ni ya karani, si ya mgonjwa.

Waliowahi kufanya utafiti kama huu, mlimfuata mgonjwa na saa mkononi kuanzia usajili hadi dirisha la dawa? Nahofia wahudumu wakiniona watachapa kazi kuliko kawaida yao.

Jambo jingine: tukizingatia sheria ya kulinda data ya 2019, kamati ya maadili ya utafiti hukubali rekodi zisizo na majina zitumike bila ridhaa ya kila mgonjwa? Msimamizi wangu ananiambia nianzie UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda), lakini nijuavyo kamati ndiyo hutangulia.