Kudaka na kudunga paketi za Bluetooth: HCI, nRF52840, Sniffle au Ubertooth?

SakinaNet (Arusha): Wakuu, programu yetu ya kuchambua mtandao inatumia libpcap (maktaba ya kudakia paketi) kwenye Linux. Tunataka idake Bluetooth na iweze kudunga paketi, yaani kutuma za kwetu. Tutajaribia vihisi vyetu wenyewe vya joto, vya ghala la kahawa. Njia ipi inafaa?

KiboRedio (Moshi): Amua kwanza unadakia wapi. HCI ni mazungumzo ya Linux na chipu yake. Hununui kitu: fungua bluetooth0 kwenye Wireshark (programu ya kusoma paketi), data inakuja ikiwa imeshafunguliwa usimbaji. Ila unaona ya laptopu yako tu. Kihisi kikiongea na simu, hupati chochote.

MeruPaketi (Arusha): Kwa hewani, chipu ya nRF52840 ya Nordic ndiyo nyepesi kuanza nayo. Flashi nRF Sniffer (programu ya kudakia), weka faili zake kwenye folda ya extcap (programu-jalizi za kudakia) ya Wireshark, jiongeze kundi la dialout ili uruhusiwe kutumia bandari ya serial. Kinachoangusha wengi ni kuchelewa. CONNECT_IND, paketi ya kuanzisha muunganisho, ndiyo inayobeba anwani ya muunganisho, ramani ya chaneli na hatua ya kuruka chaneli. Ikikupita, nRF Sniffer haiwezi tena kuufuata muunganisho huo. Washa kidakaji, chagua kihisi, ndipo simu iunganishe.

SowetoMoshi: Naunga mkono, lakini mimi ningechukua Sniffle (programu nyingine ya kudakia) kwenye chipu ya CC2652P. Inakifuata kifaa kimoja kwenye chaneli za matangazo 37, 38 na 39, na inasoma PHY (namna ya kurusha data hewani) ya 2M, yaani megabiti 2 kwa sekunde, pamoja na ya masafa marefu. Kidude cha Sonoff kinafaa, mradi kiwe cha P. Cha E kina chipu nyingine kabisa. Ubertooth One iacheni: kwa LE (Bluetooth ya nishati kidogo) inaishia 1M, na EDR (kasi ya juu ya Bluetooth ya zamani) haisomi.

SakinaNet: Na kudunga?

KiboRedio: libpcap haitakusaidia, pcap_inject kwenye Bluetooth hurudisha kosa. Tumia BluetoothUserSocket ya Scapy (maktaba ya Python), kwa ruhusa ya root, hci0 (Bluetooth ya laptopu) ikiwa imezimwa kwanza. Hapo unatuma amri za HCI, mfano matangazo yako. Kuingiza fremu katikati ya muunganisho uliokwisha kuanza ni kazi ya redio yenyewe: InjectaBLE hufanya hivyo kwa nRF52840, ikiwahi kabla ya fremu halali. Na iwe kwa vifaa vyenu tu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichezewi.

MeruPaketi: Kihisi kikitumia LE Secure Connections (uoanishaji salama zaidi), kudaka uoanishaji hakufungui data, toeni LTK (ufunguo wa usimbaji) kwenye kifaa chenu. Hifadhini kwa muundo wa faili wa pcapng: aina ya kiungo 201 kwa HCI, 256 kwa hewani kupitia Sniffle, kila moja na kiolesura chake. Faili ya pcap ya kawaida hubeba aina moja tu.