Ushauri wa monita kubwa ya 4K kwa kazi za ramani: inchi 27, 32, au nichukue tivii ya 43?

Mchora_Ramani_Tegeta

Wakuu habari za mchana, poleni na majukumu. Mimi nachora ramani za nyumba, kazi kubwa iko kwenye programu za kuchorea, AutoCAD na Revit, mteja akitaka picha za 3D nazifanya hapohapo. Siku zote nafanyia kwenye laptopu ya inchi 15 na monita ya Full HD inchi 22 pembeni, sasa nimepata kazi ya ghorofa nne, humo kuna ya umeme, maji safi, maji taka, nguzo na mihimili, yaani kila nikitaka kusoma vipimo nazuum, narudi nyuma, nazuum tena, ikifika jioni macho yanawaka na shingo imekaza.

Nataka kioo kimoja kikubwa cha maana. Bajeti ni 1.5m, ikibidi sana 1.8m. Nimezunguka Kariakoo na Posta nimeona 27 ya 4K, 32 ya 4K, na kuna muuzaji kaniambia nisijisumbue nibebe tivii ya 43 ya 4K maana pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) ni zilezile na bei iko chini. Halafu kuna jamaa anauza HP ZR30w ya mtumba, inchi 30, bei ya kutupa kabisa. Laptopu yangu ni wakstesheni ya 2017, ina HDMI na tundu moja la USB-C. Nisaidieni kabla sijatoa hela, maana hii ndo jembe langu la kulimia.

Kadi_ya_Michoro

Hongera kwa kazi mkuu. Hilo neno 4K liweke pembeni kwanza. 4K ni 3840 kwa 2160 na haikwambii kitu mpaka ujue zimebanwa kwenye inchi ngapi. Kwenye 27 unapata pikseli kama 163 kwa kila inchi, kwenye 32 ni kama 138, kwenye 43 zinashuka hadi 102 hivi. Hiyo 22 yako ya Full HD ni 100. Kwa hiyo muuzaji hajakudanganya kwamba pikseli ni zilezile, ila tivii ya 43 itakupa ukali uleule wa maandishi ulionao leo, kinachoongezeka ni eneo tu, karibu mara nne.

Sasa ipime kwa kazi yako. Karatasi ya A3 ni milimita 420 kwa 297. Monita ya 27 ina upana wa milimita 598 na kimo 336, maana yake A3 ya saizi yake halisi inaingia lakini kwa juu na chini zinabaki sentimita nne hazifiki, na menyu za AutoCAD pale juu pamoja na sehemu ya kuandikia amri chini zinakula zaidi ya hapo. Ya 32 ni 708 kwa 398. A3 inakaa nzima, menyu ziko juu, na pembeni zinabaki karibu sentimita 29 za kufungulia propatizi na leya bila kufunika mchoro. Kwangu mimi hapo ndipo mjadala wa 27 na 32 unapoishia kwa mtu wa ramani.

Angalia na maandishi ya vipimo. Wengi tunaandika kwa milimita 2.5 kwenye karatasi. Kwenye 22 yako herufi hiyo ikionyeshwa kwa saizi halisi inapata pikseli kama 10 tu za kimo, ndo maana 3 na 8 zinafanana na unalazimika kuzuum. Kwenye 32 ya 4K inapata 13 au 14, inasomeka. Kwenye 27 inapata 16, kali zaidi, lakini eneo ndo hilo nimekwambia.

Umbali nao usiusahau. Jicho zima linaacha kuziona pikseli za 32 ya 4K ukikaa kama sentimita 63, ambako ndiko mkono ulionyooshwa unafika. Ile ya 43 mpaka usogee 85. Meza yako ina kina gani?

Mchora_Ramani_Tegeta

Asante sana kaka, hiyo ya A3 nimetoka kuipima sasa hivi na karatasi kwenye hii 22, hata kimo haitoshi, inatokeza chini. Meza yangu ina kina cha sentimita 60.

Bi_Mkubwa_Revit

Kwa meza ya 60 tivii ya 43 iondoe kwenye hesabu mdogo wangu. Ina upana wa sentimita 95, utakuwa unageuza shingo kutoka kona hadi kona siku nzima na hiyo shingo umesema tayari inauma. Ofisini kwetu iko moja tunatumia kuonyeshea wateja, kwa hilo ni nzuri mno, lakini kukaa nayo saa nane unachora ni kitu kingine.

Shida nyingine ya tivii ni rangi za maandishi. Tivii nyingi zikipokea picha zinapunguza taarifa za rangi ili kubana data, kwenye filamu huoni tofauti, ila mstari mwekundu mwembamba juu ya mandhari nyeusi ya AutoCAD unatoka na ukungu pembeni kana kwamba umechorwa na maka ya kuvuja. Dawa yake ni kuingia kwenye seti ya tivii, ile HDMI uliyochomeka uipe jina la PC au uwashe modi ya PC, ndipo inatoa rangi kamili, wataalamu wanaita 4:4:4. Kuna ambazo hata ukifanya hivyo hazikubali. Na nyingine zinapunguza mwanga zenyewe ukifungua ukurasa mweupe. Ukikuta mtu anakusisitizia tivii mwambie afungue karatasi nyeupe yenye maandishi madogo mekundu na ya bluu pale dukani, utaona mwenyewe.

Jambo moja la kuongezea kwa aliyetangulia. Chukua kioo bapa. Vile vilivyopinda ni vizuri kwa gemu na kwa watu wa video, ila sisi kazi yetu ni kuangalia kama ukuta umenyooka, na mstari mrefu kwenye kioo kilichopinda unakusumbua jicho.

Waya_na_Soketi

Wakuu mmemaliza kioo lakini hakuna aliyeuliza kompyuta yenyewe inatoa nini, na hapa ndo hela za watu zinapotea.

Laptopu za 2017 nyingi HDMI yake ni 1.4. Hiyo inatoa 4K kwa herzi 30 basi, yaani picha inabadilishwa mara 30 kwa sekunde. Picha itakuja, utaona iko kali, utafurahi, halafu ukianza kusogeza mausi inakuwa nzito kama inavutwa na kamba, ukipan mchoro unaruka ruka. Watu wanarudisha monita dukani wakidhani mbovu kumbe ni tundu. Ili upate herzi 60 kwenye 4K unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 (tundu jingine la picha) kwenda mbele.

Tumaini lako liko kwenye USB-C, lakini siyo kila USB-C inatoa picha, nyingine ni za data na kuchaji tu. Angalia pembeni ya tundu kama kuna alama ya radi (ndiyo Thunderbolt) au herufi D yenye P ndani (DisplayPort). Ukikuta radi uko salama, wakstesheni za miaka hiyo zenye Thunderbolt 3 zinatoa 4K herzi 60 bila wasiwasi, na picha hiyo inapita hata kwenye monita ya USB-C ya kawaida.

Ila kuna mtego mmoja. Ukinunua monita yenye USB-C ambayo ina na matundu ya USB nyuma, waya uleule unabeba picha na data kwa pamoja. Kwa laptopu ya umri huo, data ikichukua nusu ya njia, picha inashushwa hadi herzi 30. Kwenye menyu ya monita nyingi kuna sehemu ya kuchagua kipaumbele, rezolusheni ya juu au kasi ya data, chagua rezolusheni. Matundu ya nyuma yatashuka kasi, kibodi na mausi havitajali, flashi na hard disk chomeka moja kwa moja kwenye laptopu.

Na usitegemee monita ikuchajie. Nyingi zinatoa wati 65 au 90, wakstesheni yenye kadi ya michoro inataka zaidi ya hapo ikiwa kazini. Acha chaja yake ichomekwe.

Mchora_Ramani_Tegeta

Mkuu nimeangalia kwa tochi ya simu, alama ya radi ipo! Asante sana aisee, mimi nilikuwa nimepanga kuchomeka HDMI maana ndo waya ninao. Vipi hii ya mtumba ya inchi 30, watu wanasema HP ni imara?

Waya_na_Soketi

ZR30w ilikuwa kioo cha heshima kwa wakati wake, ni ya 2010, 2560 kwa 1600. Lakini haina HDMI kabisa, ina DisplayPort na DVI ile ya laini mbili, kwa hiyo adapta za bei rahisi za HDMI kwenda DVI hazitaisukuma kwa rezolusheni yake. Pia taa zake za nyuma ni za mirija, siyo LED, na mirija ikizeeka mwanga unafifia na weupe unageuka njano. Na pikseli kwa inchi ni kama 100, ileile ya kwako ya sasa. Kama ni kioo cha pili cha kuwekea emaili sawa, kama jembe lenyewe hapana.

Kevo_Prints

Niaje wasee, mimi niko Nairobi, kazi yangu ni design na printing, niongeze kuhusu colour maana amesema anafanya renders za wateja.

Paneli, yaani kioo chenyewe cha ndani, ziko aina kadhaa: IPS, VA na OLED. Chukua ya IPS. VA inatoa nyeusi nzito, contrast yake ni kama 3000 kwa 1 na IPS ya kawaida ni 1000 kwa 1, lakini kwa kioo kikubwa hivyo ukikaa karibu, kona za VA zinabadilika rangi ukilinganisha na katikati. OLED wachana nayo kwa kazi yako, zile menyu za AutoCAD zinakaa mahali pamoja kutwa nzima mwaka mzima, alama yake inaweza kubaki kwenye kioo.

Kwa renders zinazoangaliwa kwa simu na WhatsApp unahitaji sRGB iliyojaa tu (kiwango cha kawaida cha rangi), hiyo inatosha, usilipie Adobe RGB (kiwango chenye rangi nyingi zaidi) kama huprinti. Mimi nalipia kwa sababu nalinganisha kioo na karatasi iliyotoka kwa mashine, na mimi nacalibrate (narekebisha rangi) kwa kifaa, mwanga nashusha hadi kama 100 nits, hicho ni kipimo cha mwanga wa kioo. Wewe ukishaiwasha tu, ingia kwa menyu uchague sRGB au 6500K (weupe wa kawaida), na ushushe mwanga. Monita mpya zinakuja zimewashwa mwanga mkali sana wa dukani, na nadhani hata hayo macho kuwaka ni hiyo pia. Karatasi nyeupe kwa kioo na karatasi nyeupe kwa meza zikaribiane, hapo uko sawa. Dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe nyuma ya kioo wala nyuma yako.

Mpemba_wa_Bur_Dubai

Assalamu alaykum. Mie nipo Dubai, watu wa nyumbani huniagiza hivi vitu mara kwa mara kutoka mtaa wa Khalid bin Al Waleed kule maduka ya kompyuta. Plagi ya huku ni ileile ya pini tatu bapa kama ya kwetu na umeme ni uleule, hapo hakuna taabu. Taabu ni safari na waranti. Kioo cha 32 lazima kisafiri ndani ya boksi lake la kiwandani na maboya yake, kisimame wima, kisilazwe chini ya mizigo. Na waranti muulize muuzaji mapema kama inatambulika Tanzania, mara nyingi hutakiwa ukirudishe ulikonunua. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, nunua hapo hapo Dar kwa risiti, utalala usingizi.

Ukinunua popote, usikubali kufungwa kabla hujakiwasha. Fungua picha nyeupe tupu ijae kioo kizima, kisha nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Kwenye nyeupe utaona kidoa cheusi, kwenye nyeusi utaona nukta inayong'aa na kona zinazovuja mwanga. Dakika tano tu, na muuzaji mkweli hatokasirika.

Bi_Mkubwa_Revit

Umesema kweli ndugu yangu. Na pembeni ya bajeti atenge ya UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Monita ya 32 ya 4K inakula kama wati 40 mpaka 60, UPS ya 650VA inaibeba pamoja na laptopu muda wa kutosha kuseva na kuzima. Umeme ukirudi kwa kishindo ndipo unaua vitu, UPS ndo inapokea hilo pigo badala ya kioo cha milioni na nusu.

Mchora_Ramani_Tegeta

Nimeshaamua wakuu, naenda na 32 ya 4K, IPS, bapa, yenye USB-C, hapahapa Dar kwa risiti, na UPS juu yake. Swali la mwisho, natumia AutoCAD 2018 na nimesikia kwenye 4K aikoni zinakuwa kama punje za mchele, ni kweli?

Kadi_ya_Michoro

Matoleo ya nyuma ndo yalikuwa hivyo, 2018 ndiyo walianza kuweka msaada wa vioo vya 4K, upo salama. Kwenye Windows weka skeli 125 kwanza, ukiona bado ni ndogo panda 150. Ukiweka 150 unabaki na nafasi ya kazi sawa na monita ya 2560 kwa 1440 ila maandishi yanakuwa makali. Mistari ya AutoCAD itaonekana myembamba sana siku za mwanzo, washa unene wa mistari kwa amri ya LWDISPLAY, na kale kamraba ka kuchagulia ukikaona kadogo andika PICKBOX uweke 8 au 10. Ile 22 usiiuze, isimamishe wima pembeni uwekee PDF za mhandisi.