Mabasi ya ghorofa: mliopanda njooni tupeane uzoefu (wapenda mabasi wa Tanga tukutane hapa)

Mgosi wa Kange (mwanzisha uzi)

Wakuu, salama? Kijiweni kwetu nje ya stendi ya Kange siku hizi hakuna mada nyingine, ni mabasi ya ghorofa tu. Kila mwenye simu ana video zake. Huyu anakuonyesha Marcopolo Paradiso 1800 DD za Brazil, zile za G8, yaani kizazi cha nane, zilizotoka 2021, bodi limekalia chasisi ya Scania. Yule ana za Indonesia zenye honi za kuimba. Mzee mmoja haambiliki kitu zaidi ya Neoplan Skyliner ya Mjerumani, kwa kuwa ipo tangu 1967. Ubishi ukikolea mpaka kahawa inapoa, unakuja kugundua hakuna hata mmoja aliyewahi kulipanda. Tunabishania picha!

Kwa hiyo uzi huu ni wa waliopanda, walioendesha, au walioshika spana. Mtu atuambie ghorofani kukoje, ngazi ikoje, mzigo unakaa wapi, na kwa akili yake gari kama lile lingeila vipi njia yetu ya Kange, Muheza, Segera, Chalinze mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Matangazo ya makampuni tumeyaona, hayo tuachieni.

Naweka msimamo wangu mezani ili mnirarue vizuri. Mimi nalipenda basi la ghorofa kuliko chochote chenye matairi, lakini hela ya njia ya Tanga iko kwenye buti. Tajiri atakayeleta ghorofa hapa kwanza aniambie machungwa ya Muheza yatakaa wapi. Karibuni.

Baharia wa Raskazone

Mgosi, umenikuna panapowasha. Mimi nilikuwa mtu wa meli, na kila tulipofunga gati Hong Kong wenzangu wakikimbilia madukani, mimi starehe yangu ilikuwa kupanda basi kwenda nisikokujua na kurudi nalo. Kule ghorofa ni usafiri wa kila mtu. Hata tramu zao zinazotembea tangu 1904 ni za ghorofa. Mabasi mapya yana urefu wa mita 12.8, ekseli tatu, na yanameza watu zaidi ya 130 ukihesabu waliokaa na waliosimama.

Sasa sikilizeni yale ambayo video hazionyeshi. Ghorofani hakuna kusimama. Wa kusimama wanabaki chini, juu ni siti tupu. Mengine mapya yana kibao cha taa penye ngazi kinachokwambia siti ngapi ziko wazi juu, usije ukapanda bure ukaanza kushuka gari likiwa kwenye mwendo. Halafu ile siti ya mbele kabisa, juu! Magoti yako yanakaribia kioo, mbele hakuna boneti wala dereva, unaona mapaa ya magari ya watu. Dereva akikata kona mjini, wewe unafika upande wa pili wa barabara kabla ya matairi kuanza kugeuka. Mara ya kwanza nilishika bomba kwa mikono miwili nikijua tunaingia dukani kwa mtu. Matawi ya miti nayo yanakuja yanapiga kioo pwaa! Wageni tunainama, wenyeji hata simu zao hawaachi kuzitazama.

Ubaya nao niuseme. Februari 2018 basi la ghorofa lilipinduka Tai Po, likiteremka kwenye kona kwa mwendo mkali, wakafa watu 19. Tangu hapo mabasi mapya yanawekwa mikanda siti zote. Msitishike na ghorofa peke yake, ogopeni kona na mguu wa dereva. Ila basi refu kwenda juu halikupi nafasi ya pili.

MtotoWaMuheza

Ati ghorofani hakuna kusimama? Sasa kondakta wetu wa Jumamosi jioni atakula wapi?

Dada wa Chumbageni

Mimi nililipanda Bondeni, Johannesburg kwenda Durban. Nilikuwa na mtoto mdogo mgongoni, kwa hiyo nawapa uzoefu ambao nyinyi wanaume wa video hamtaufikiria.

Chini kwenye mabasi yale ya masafa kuna siti chache, pana, na ndiko wanakotaka kukaa wazee na wenye watoto. Choo nacho kilikuwa huko huko chini. Tiketi yangu ilikuwa ya juu. Ngazi ni nyembamba na ina kona, mtoto mgongoni, begi la nepi begani, na nyuma yangu kuna kijana anahema. Usiku mtoto akataka kubadilishwa, nikashuka ile ngazi gari likitembea, mkono mmoja ukutani, mwingine kwake. Kuona milima ya Drakensberg asubuhi kutoka juu ni raha, sikatai. Lakini mwenye mtoto mchanga akikuomba ushauri, mwambie alipie siti ya chini.

Sasa Mgosi, lile swali lako la mzigo. Buti ni dogo kweli, kwa sababu mahali ambapo basi letu lina buti, lao lina abiria. Wao wamelitatua hivi: basi linavuta tela nyuma. Masanduku, blanketi, mafurushi ya wanaovuka mpaka, vyote vinaingia kwenye tela.

Mgosi wa Kange

Dada, tela! Basi la ghorofa, na tela, linateremka bonde la Wami huku dereva anatafuna mahindi. Asante Mungu daraja jipya lipo, lile la zamani la gari moja kwa wakati mmoja lingetumaliza.

Fundi Bodi

Naomba niweke mambo sawa kidogo, maana naona watu wanaogopa wasichokijua na wanapenda wasichokijua.

Hofu ya kwanza ni kwamba litaanguka kwa sababu ni refu. Gari haliangushwi na urefu peke yake, linaangushwa na uzito kukaa juu. Kwenye ghorofa lililoundwa vizuri, injini, matangi, betri na ekseli vyote viko chini kabisa, na bodi la juu linafanywa jepesi kadiri iwezekanavyo. Waingereza wana kipimo chao cha mabasi ya London: wanapakia mifuko ya mchanga ghorofani badala ya abiria, chini wanaacha patupu, halafu wanaliinamisha basi zima kwa ubavu. Lazima lifike nyuzi 28 bila kulala. Ukilitazama likiwa limeinama hivyo utakimbia, lakini linasimama. Tatizo linaanza mtu akichukua gari lililopita kipimo hicho akaenda kuongeza keria juu ya paa.

La pili ni hili la "linabeba wengi". Tutofautishe. Ghorofa la mjini ndiyo linabeba wengi, mpaka mtu aone linavyomeza. Lakini ghorofa la masafa, hayo ya Brazil mnayoyasifia, kwa siti za kulala zile linaishia sitini na kitu. Basi letu la zamani la siti tatu kwa mbili lilikuwa na idadi hiyo hiyo kwenye sakafu moja! Kwa hiyo tajiri hanunui ghorofa kwa ajili ya kuongeza vichwa, ananunua ili vichwa vile vile vikae kwa nafasi na alipishe zaidi. Hapo sasa ndipo pa kuulizana kama abiria wa Tanga atalipa.

La tatu ni mizani. Kwa sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya usukani mwisho tani 8, na ekseli moja ya matairi manne mwisho tani 10. Basi la ekseli mbili basi, likipita tani 18 limekwisha. Ghorofa la masafa likijaa linapita tani 20 kirahisi, ndiyo maana utaliona lina ekseli tatu, mengine nne. Ekseli moja zaidi maana yake ni matairi, breki na springi za upepo zaidi. Muulize tajiri bei ya tairi moja kwanza, ndiyo umuulize rangi ya basi.

Suka Mstaafu

Fundi amegusa mizani, nimecheka peke yangu mpaka mama watoto ameniuliza. Mimi nilianzia Ikarus za UDA, shirika la mabasi ya mjini pale Dar, zile ndefu za kuunganishwa tulizoziita kumbakumba, nikamalizia njia ya Tanga. Injini ikiwa nyuma na buti limejaa, ekseli ya nyuma ndiyo inayokugombanisha na watu wa mizani. Kondakta wangu alikuwa na hotuba yake kabla ya mizani ya Vigwaza: "Jamani abiria wa nyuma, tunaomba tusogee mbele kidogo, tunapima." Watu wanajazana kwenye korido mpaka karibu na gia, mama mmoja na kuku wake yuko begani kwangu. Sasa nawaza, kwenye ghorofa utamwambia nani asogee wapi? Wa juu washuke chini au wa nyuma waje mbele? Watagongana kwenye hiyo ngazi ya Dada wa Chumbageni.

Kuendesha kwenyewe sina wasiwasi nako. Mwendo wa basi ni 80, mwisho. Kuanzia Segera kwenda Chalinze barabara inaruhusu, na tangu safari za usiku ziliporudishwa 2023, mtu akiuza siti ya kulala atapata wateja. Wasiwasi wangu ni waya za umeme zilizolegea kwenye vituo vya pembeni, na dereva aliyezoea basi la chini akasahau kuwa ana watu juu ya kichwa chake.

Shambalai

Kwetu Lushoto msilete. Mombo mpaka Soni zile kona mnazijua. Coaster yenyewe inapiga honi kila kona.

Kijana wa Modi

Wazee wangu, shikamooni. Mimi sijapanda la kweli, ila kwenye Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ya kuendesha mabasi, naendesha ghorofa kila siku. Tunapakua modi, yaani mabasi ya kuongeza kwenye gemu yaliyoundwa na wachezaji, tunabandika rangi za mabasi ya huku kwetu. Mnajua wale Waindonesia ndio walioanzisha ile "om telolet om" iliyovuma dunia nzima Desemba 2016? Watoto wanasimama barabarani wanaomba dereva apige honi, basi. Sisi pale Segera tunafanya yale yale na simu zetu, tofauti ni kwamba huku askari wa barabarani anatufukuza.

Fundi, ukiwa na ramani ya ekseli nne na vipimo vyake naomba, kuna jamaa yetu anataka kuunda modi sahihi. Za mitandaoni matairi yamebandikwa tu.

Fundi Bodi

Njoo gereji Jumamosi na daftari. Simu iache nyumbani.

Mama Samaki

Nimesoma wote. Mgosi, kwanza usitusingizie, machungwa ya biashara yanapanda Fuso. Kinachojaza buti ni viroba, ndoo zetu za samaki wa kukaanga, na vifurushi vya watu ambao wenyewe hata hawasafiri. Kwa hiyo hoja yako ya buti nakuunga mkono, machungwa sikuungi.

Mimi siti ya mbele juu waachieni watoto. Dada wa Chumbageni, nijibu hili tu: lile tela la Bondeni, ufunguo wa kufuli anakaa nao nani, na mzigo unapewa risiti au unapewa ahadi? Maana kuna siku nimefika Mbezi mzima, ndoo yangu imeshushwa Mkata.