Franga za nkambo: nizipige picha namna gani?

Mjukuu wa Katuba
Jambo bandugu. Nkambo yangu ametuachia mkebe wa biskuti. Ndani mna franga (sarafu) za zamani kumi na moja na kamsalaba kamoja ka mukuba, yaani shaba. Nataka niwatumie wajomba wa Kolwezi picha kabla ya kugawana. Shida ni simu: ile yenye ndizi (Katanga, 1961) inatoka doa jeupe, na ile ya pembe sita yenye tembo inatoka nyeusi kama kizibo cha bia. Flashi nimewasha, nimezima, ni yale yale. Na hili naona haya kulisema: moja niliisugua kwa ndimu na majivu, kama sufuria. Sasa ni ya waridi. Nimeiharibu?

Fundi wa Kamalondo
Umeiharibu, dada. Ile rangi ya kahawia ndiyo ngozi yake, na ngozi hairudi. Zilizobaki usizifute hata kwa kanga.

Flashi isahau. Kaa karibu na dirisha asubuhi, bandika karatasi ya daftari kwenye kioo ili mwanga ulainike. Franga iweke juu ya kizibo cha chupa, kivuli chake kianguke mbali. Mwanga uje ubavuni, chini chini. Si unajua jua la jioni linavyoonyesha kila shimo la barabara ambalo saa sita hukuliona? Ni hivyo hivyo. Zungusha franga, siyo simu, mpaka tembo asimame. Simu ilaze juu ya makopo mawili ya maziwa, weka ijipige yenyewe baada ya sekunde tatu, ondoa mkono.

Muzee wa Kenya (ile komini ya Lubumbashi, si nchi!)
Mwanangu, ya tembo ni franga 2 za 1943. Ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji, iliyotutawala, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Hiyo si adimu sana.

Ya ndizi mimi nilitumwa nayo dukani nikiwa mtoto, mji wetu wa Lubumbashi ukiitwa bado Elisabethville. Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alilitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Kufika Januari 1963 mambo yalikwisha. Ndiyo maana humwoni mfalme juu yake. Igeuze: nyuma kuna msalaba. Sasa tazama mkebeni mwako. Ni huo huo! Kabla ya franga, misalaba ya mukuba ndiyo ilikuwa feza huku kwetu. Imechimbuliwa hata makaburini kule Sanga, kando ya ziwa Kisale. Vipige picha pamoja, kimoja pembeni mwa kingine. Ukimtumia mjomba kimoja kimoja hataelewa kitu.

Mjukuu wa Katuba
Aksanti sana, baba. Aksanti, fundi. Leo saa moja asubuhi nimekaa dirishani na makopo yangu, mama akiuliza kama nimerogwa. Tembo ametoka mpaka mikunjo ya mkonga. Kamsalaba, mwanga ulipokapiga ubavuni, kameonyesha mstari ulioinuka mgongoni, na mkono mmoja ni mfupi, kama mukuba uliwaishia mafundi wakati wa kumimina. Miaka yote hiyo nilikaona kama kipande cha chuma tu.

Mjomba ameshajibu: anataka tembo. Ya ndimu hakuna aliyeiulizia.